Mtoto wa Mji Asiye na Mshahara

Mwaka 2012 mji wa Allen, ulioko kaskazini mwa Dallas katika jimbo la Texas, ulifungua uwanja wa michezo uliogharimu dola milioni 60. Uwanja huo unaingiza watu 18,000, na mwenyewe si klabu ya ligi kuu wala timu ya taifa, bali ni shule ya sekondari ya hapohapo mjini. Fedha zilitoka kwa wakazi, ambao walipiga kura na kukubali mamlaka ya shule zao ikope, kisha deni lilipwe kwa kodi. Haukupita muda nyufa zikaonekana kwenye zege. Uwanja ukafungwa mwaka 2014, ukakarabatiwa, na mwaka uliofuata ukafunguliwa tena. Mtu wa mbali akisikia habari hii atauliza kwa nini watu wazima, wenye madeni na shughuli zao, watoe fedha kiasi hicho ili wawatazame vijana wa miaka 16 na 17 wakicheza Ijumaa usiku. Jibu jepesi ni kwamba Wamarekani wanapenda michezo mno. Ni kweli, ila halitoshi, maana Waingereza na Wabrazili nao wanapenda mpira hadi kulia machozi, na bado hawajajenga viwanja vya namna hiyo shuleni. Tofauti inatokana na mahali michezo ilipoota mizizi.

Katika nchi nyingi za dunia kijana mwenye kipaji huchukuliwa na klabu. Klabu humlea, humsajili, humlipa, na ikipenda humuuza. Marekani michezo ilikulia shuleni na vyuoni. Shindano la kwanza kabisa baina ya vyuo viwili vya nchi hiyo lilifanyika mwaka 1852, pale Harvard na Yale waliposhindana kupiga makasia katika ziwa Winnipesaukee, jimboni New Hampshire. Gharama zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka watu wapande treni zake kwenda kutazama, kwa hiyo biashara ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1869 Rutgers na Princeton walicheza mchezo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kadiri nchi ilivyopanuka kuelekea magharibi, kila jimbo lilianzisha chuo kikuu chake, na timu ya chuo ikawa ndiyo sura ya jimbo. Mpaka leo Alabama na Nebraska hazina timu hata moja katika ligi kuu za kulipwa, lakini siku chuo cha jimbo kinapocheza, barabara za miji mingine hubaki tupu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000, na hakuna timu ya futiboli ya kulipwa nchini humo yenye uwanja wa kawaida mkubwa kiasi hicho.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha nafasi ya mwanamichezo katika maisha ya Wamarekani. Amepewa heshima ya mtoto wa jamii nzima: wa shule yetu, wa mji wetu, wa jimbo letu. Anaimbwa, anasamehewa, anasifiwa makanisani na kwa vinyozi. Lakini mtoto, hata apendwe vipi, hadai ujira kwa wazazi wake wala hawapingi mbele za watu. Kwa muda mrefu jamii iliyompenda hivyo ilimnyima haki ambazo mtu mzima yeyote anayefanya kazi anazo. Mapenzi hayo na dhuluma hiyo vilitoka katika chanzo kimoja, nacho ni kule kufungwa kwa michezo ndani ya elimu.

Ni haki kuanza na mema ya mpangilio huu, kwa sababu ni makubwa na wakosoaji wengi huyapita haraka. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika programu zozote za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya michezo. Ila kwa kuwa michezo ilikuwa ndani ya shule, ililazimika kuifuata. Katika mwaka wa masomo wa 1971 hadi 1972, wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari nchini kote hawakufika 300,000. Leo ni zaidi ya milioni tatu. Lau michezo ingekuwa mikononi mwa klabu binafsi, sheria ya elimu isingeigusa, na wasichana hao wangesubiri huruma ya wenye klabu. Matunda yake yanaonekana kila Olimpiki. Marekani haina wizara ya michezo, na kamati yake ya Olimpiki haipewi bajeti na serikali kama ilivyo kwingineko, lakini ilirudi kutoka Paris mwaka 2024 na medali 126, nyingi zikiwa za wanawake, na wengi wa wanamichezo wake walipikwa katika timu za vyuo. Chuo kimefanya kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na serikali au jeshi.

Sasa tuutazame upande wa pili. Mwaka 1905 futiboli ya vijana ilikuwa ya kikatili kiasi kwamba magazeti yalihesabu takriban vifo 18 katika msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo. Kutokana na msukosuko huo kikazaliwa, mwaka 1906, chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa NCAA, na ndicho kinachosimamia michezo ya vyuo hadi leo. Kilizaliwa ili kulinda miili ya vijana. Baadaye ulinzi mkali zaidi ukaelekezwa kwenye kanuni ya ridhaa, kwamba mchezaji wa chuo hachezi kwa malipo bali kwa mapenzi. Nguvu ya kanuni hiyo ilionekana katika kesi ya Colorado. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kidogo cha jimbo hilo aliumia kichwa uwanjani, akafariki. Mjane wake aliomba fidia inayotolewa kwa familia ya mfanyakazi aliyekufa kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ilimkatalia, ikisema chuo hakikuwa katika biashara ya futiboli. Miaka hiyohiyo viongozi wa NCAA walisisitiza kila mahali kwamba mchezaji aitwe mwanafunzi mwanamichezo. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuja kueleza katika kitabu chake cha 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kwa hofu ya sheria za fidia. Mtu aliyeujenga mfumo ndiye aliyeuumbua, na sijui ushahidi gani ungeweza kuwa mzito kuliko huo.

Wakati huo huo biashara ambayo mahakama ya Colorado haikuiona ilizidi kunenepa. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haiwezi kuhodhi haki za matangazo ya televisheni ya mechi za futiboli, na vyuo vikaanza kuuza vyenyewe. Mwaka 2010 haki za kuonyesha mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo, yanayochezwa kila Machi, ziliuzwa kwa miaka 14 kwa dola bilioni 10.8. Fedha hizo zilipaswa kwenda mahali, na kwa kuwa hazikuruhusiwa kwenda kwa wachezaji, zilijenga vyumba vya kubadilishia nguo vya kifahari na kunenepesha mishahara ya makocha. Ndiyo maana katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa wa hospitali ya rufaa, bali ni kocha wa chuo. Wasomaji wa Tanzania wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009. Msimu wake wa mwisho timu ilifika nusu fainali ya taifa, naye akawa mmoja wa wawili waliotunukiwa uchezaji bora wa ligi yao. Februari ya msimu huohuo, jimbo likiwa na nakisi kubwa ya bajeti, kocha wake Jim Calhoun aliulizwa hadharani na mwandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, uliomfanya kuwa mtumishi wa jimbo anayelipwa zaidi. Alijibu kwa hasira kwamba timu inaliingizia chuo fedha nyingi kuliko anazopewa. Alisema kweli. Lakini waliokuwa wakiruka, kuzuia na kufunga ni Thabeet na wenzake, na sehemu yao katika fedha hizo ilikuwa ada, chumba na chakula. Juni 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika usajili wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, na hapo ndipo kipaji kilekile kilipopata bei.

Wanaotetea mpangilio wa zamani watasema ada si kitu kidogo. Elimu ya chuo kikuu Marekani ni ghali mno, kijana wa kabwela akiipata bure kwa sababu ya mpira amelipwa, tena amelipwa kitu kisichochakaa. Hoja hii nzito haifai kupuuzwa, na kwa mchezaji wa tenisi au mpiga makasia ni ya kweli kabisa. Kwa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume, michezo inayoleta fedha, inayumba kila inapopimwa. Mwaka 2014 ofisa wa bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi alichunguza timu ya futiboli ya Northwestern, chuo chenye sifa kubwa ya taaluma, akakuta wachezaji wanatumia saa 40 hadi 50 kwa wiki katika mchezo wakati wa msimu. Aliamua kuwa ni wafanyakazi. Bodi yenyewe ilikataa kulishughulikia suala hilo mwaka uliofuata, ila hesabu ya saa ilibaki palepale. Mwaka huohuo wa 2014 uchunguzi katika Chuo Kikuu cha North Carolina ulibaini kwamba kwa karibu miaka 18 zaidi ya wanafunzi 3,100 walipewa alama katika kozi zisizo na vipindi wala mwalimu halisi, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Kama elimu ndiyo mshahara, basi hapo mshahara ulilipwa kwa noti bandia.

Wengine husema hakuna aliyelazimishwa. Hapana budi kutazama kanuni za ligi za kulipwa kabla ya kuukubali uhuru huo. Ligi ya futiboli, NFL, haimpokei mchezaji mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. NBA, tangu katikati ya muongo wa 2000, imedai Mmarekani awe na miaka 19 na mwaka mmoja tangu kumaliza sekondari. Kwa hiyo kijana wa futiboli hakuwa na mlango mwingine wa maana zaidi ya chuo, na kila chuo kilikuwa kimekubaliana na vingine kutomlipa. Fundi seremala aliyekuta karakana zote za mji zimeafikiana ujira mmoja, tena ujira wa chakula na malazi, hatuwezi kusema amejichagulia.

Kilichotokea vyuoni si kisa cha pekee. Hata wachezaji wa kulipwa waliwahi kumilikiwa. Kwa miongo mingi kila mkataba wa besiboli ulikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa timu yake maisha yake yote ya uchezaji, timu ikiwa huru kumuuza popote. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji Mweusi wa St. Louis Cardinals aliyekuwa akilipwa vizuri, aliuzwa Philadelphia akakataa kwenda. Alimwandikia kamishna wa ligi kumweleza kwamba yeye si bidhaa, kisha akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimwangusha kwa kura tano dhidi ya tatu, na maisha yake ya uchezaji yalikuwa yamekwisha. Miaka mitatu baadaye uamuzi wa msuluhishi ulikivunja kifungu hicho kwa faida ya wengine. Watu wengi walimuuliza Flood swali lile ambalo bado huulizwa: mtu mwenye mshahara mkubwa analalamikia nini? Ni swali la mtu anayeamini kwamba mwanamichezo anaishi kwa hisani ya watazamaji, kwa hiyo shukrani ndiyo kauli pekee anayoruhusiwa. Imani hiyohiyo iliwafukuza kutoka kijiji cha Olimpiki Mexico mwaka 1968 Tommie Smith na John Carlos, wanafunzi wa San Jose, walipoinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi. Ndiyo iliyomvua bondia Muhammad Ali ubingwa mwaka 1967 alipokataa kwenda vitani Vietnam, hadi Mahakama ya Juu ilipomsafisha mwaka 1971 bila kura ya kupinga. Ndiyo pia iliyomwacha mchezaji wa futiboli Colin Kaepernick bila timu baada ya msimu wa 2016, alipopiga goti wakati wa wimbo wa taifa. Wale waliokasirika hawakuwa wote wabaguzi wa rangi, ingawa wabaguzi walikuwamo. Wengi waliumia kama mzazi anayeumia mtoto anapomjibu mbele ya wageni, na humo ndimo ulimo ugumu wa jambo hili, kwa sababu walimpenda kwelikweli.

Mabadiliko vyuoni hayakuletwa na huruma. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu na chuo cha UCLA mwaka 1995, aliishtaki NCAA baada ya kuona sura na namba yake vikitumika katika mchezo wa video bila yeye kupata chochote. Alishinda sehemu ya kesi mwaka 2014. Juni 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, iliamua kwamba NCAA haina kinga dhidi ya sheria za ushindani inapoweka mipaka ya misaada ya kielimu kwa wachezaji. Jaji Brett Kavanaugh, ambaye hakuna anayemwita mwanamapinduzi, aliongeza kwamba hakuna sekta nyingine Marekani ambapo waajiri wangeruhusiwa kukubaliana kutowalipa wafanyakazi bei ya soko. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wachezaji waliruhusiwa kuingia mikataba ya matangazo kwa jina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kuviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha karibu dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua kuliko mengine. Fedha za futiboli ndizo zilizokuwa zikigharamia kuogelea, jimnastiki, mbio na makasia. Zikienda kwa wachezaji wa futiboli, nani atawalipia hawa? Hofu hii imeanza kuthibitika, kwani mwaka 2025 vyuo kadhaa vilitangaza kufuta timu za kuogelea na tenisi. Hasara hiyo ni halisi, na atakayeumia zaidi huenda akawa msichana yuleyule aliyefunguliwa mlango na sheria ya 1972. Lakini tuulize nani alikuwa akitoa sadaka hiyo. Katika timu zinazoleta fedha wachezaji Weusi ni wengi, na wengi wao wametoka familia za kipato cha chini. Michezo iliyofadhiliwa na jasho lao mara nyingi huchezwa na watoto wa familia zenye mabwawa ya kuogelea na makocha binafsi. Kama jamii inaamini kwamba kuogelea na makasia vina thamani, na mimi naamini vina thamani, basi ivigharamie kwa wazi kutoka katika bajeti za vyuo, au ipunguze mishahara ya makocha ambayo imefika dola milioni kumi na zaidi kwa mwaka. Kumtoza kijana wa miaka 19 kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha si njia ya haki ya kuhifadhi jambo jema.

Wapo wanaoachwa nje ya haki hii mpya, na kati yao wamo vijana wa kwetu. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikichukua wakimbiaji wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Mike Boit alisoma New Mexico. Henry Rono alikuwa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa El Paso, Texas, alipoiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, na Paul Ereng alitoka Virginia kwenda kuchukua dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988. Mwaka 2024 bingwa wa mbio za nyika za wanawake wa vyuo vyote vya Marekani alikuwa Mkenya, Doris Lemngole wa Alabama. Kwa vijana hao ufadhili wa masomo ulikuwa mlango wa shahada na wa kazi, na hakuna sababu ya kuubeza. Ila mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo inambana: kazi yake ni ya ndani ya chuo, kwa saa chache kwa wiki, na mikataba ya matangazo inaweza kuhesabiwa kuwa kuvunja masharti ya kukaa nchini. Malipo ya moja kwa moja yaliyoruhusiwa mwaka 2025 nayo hayakuja na sheria mpya ya uhamiaji. Hivyo katika timu moja, chini ya kocha mmoja, Mmarekani anaweza kusaini mkataba na kampuni ya viatu, na Mkenya anayemtangulia kufika utepeni akashauriwa na wanasheria wa chuo asiguse senti. Bunge la Marekani, ambalo tangu 2021 limezungumzia miswada kadhaa ya michezo ya vyuo, lina uwezo wa kurekebisha masharti hayo ya viza. Vyama vya riadha na wizara za michezo za Nairobi na Dodoma nazo zina sababu ya kulidai jambo hilo kwa sauti, na kuhakikisha kwamba kijana anayepanda ndege kwenda Alabama au Texas ameusoma mkataba wake na masharti ya viza yake kabla ya kusaini.